Volti Isiyofika Moja: Sensa ya Oksijeni na Soketi Yake Katika Gari la Zamani

Mjomba wangu wa Tanga ana Mercedes 230E ya mwaka 1990, umbo ambalo wapenzi wake wanalijua kwa jina la W124. Lilikuja kutoka Japani, nchi iliyoanza kuubana moshi wa magari kwa sheria kali tangu 1978, kwa hiyo lilifika likiwa na masega yake ya kusafisha moshi kwenye ekzosi na sensa yake ya oksijeni. Mwaka jana likaanza kunywa mafuta. Safari ya Muheza na kurudi, ambayo zamani mshale wa tangi ulikuwa hauna habari nayo, sasa ikawa inaonekana wazi. Mdomo wa ekzosi ulijaa masizi, ukipitisha kidole kinatoka cheusi tii.

Fundi wa kwanza alisema sensa imekufa. Mjomba akaagiza mpya, kwa bei iliyomkosesha raha wiki nzima. Ikafungwa, na gari likaendelea kunywa vilevile. Fundi wa pili akamwambia, "Mzee, hiki kidude hakina kazi kwa magari ya huku. Tukate waya, ulale usingizi."

Hakuna aliyefunua kapeti. Kwenye magari haya waya za sensa hupanda kutoka chini ya gari, zikapenya sakafu kwenye mpira mdogo, na soketi yake hukaa ndani, chini ya kapeti, miguuni. Tulipolinyanyua tulikuta sponji imelowa kama dodoki. Mpira wa sakafuni ulikuwa umepasuka, maji ya mvua na unyevu wa pwani vilikuwa vinaingia polepole kwa miaka. Soketi yenyewe nilipoitenganisha, tamino za shaba, yaani vile vichwa vya waya vinavyogusana ndani yake, zilikuwa zimeota unga wa kijani, ule unaouona kwenye sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Sensa mpya, nzima kabisa, ilikuwa imechomekwa kwenye unga huo.

Ili ieleweke ni kwa nini unga kidogo namna ile uliweza kuishinda sensa mpya, inabidi kwanza kuelewa sensa yenyewe inafanya nini, maana wengi tunaibadilisha kama tunavyobadilisha plagi, bila kujua inachosema.

Petroli inaungua vizuri kabisa pale kila kilo moja inapopata kilo 14.7 za hewa. Wataalamu waliupa uwiano huo herufi ya Kigiriki, lambda, wakasema hapo lambda ni 1. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, ni mzito. Masega ya ekzosi, yaani lile tofali la kauri lenye vitundu kama vya nyuki, huweza kusafisha kwa mpigo gesi ya kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni, lakini kwa sharti moja: mchanganyiko ubaki karibu sana na hiyo lambda 1. Kabureta haiwezi kuushika uwiano huo kwa ukaribu unaotakiwa. Lazima awepo mtu anayeonja moshi na kurudisha habari kwa kompyuta ya injini, na huyo mtu ndiye sensa.

Gari la kwanza kupewa mwonjaji huyo lilikuwa Volvo ya mfululizo wa 240, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya soko la Marekani, hasa California, ambako masharti ya moshi yalikuwa magumu kuliko kwingine. Sensa ilitengenezwa na Bosch. Volvo waliona fahari nayo hata wakabandika maandishi ya "Lambda Sond" kwenye grili ya mbele, na kwenye dashibodi wakaweka taa ya kumkumbusha mwenye gari kuibadilisha. Ilikuwa na waya mmoja tu. Mwaka 1982 ikaja yenye hita ndani, na hiyo ndiyo iliyoenea kwenye magari ambayo leo tunayaita ya zamani, pamoja na hili la mjomba.

Ukiikata sensa katikati utakuta kidole cha kauri, kimeziba ncha kama kikofia cha mshonaji. Kauri hiyo ni ya zirkonia, imepakwa platini nyembamba sana ndani na nje. Nje ya kidole kunapita moshi wa injini. Ndani yake kuna hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta. Kauri ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi za Selsiasi, oksijeni huanza kupenya ndani yake kutoka upande wenye wingi kwenda upande wenye uchache, na safari hiyo inazaa umeme. Moshi ukikosa oksijeni kwa sababu petroli imezidi, tofauti ya pande mbili inakuwa kubwa na volti hupanda hadi 0.8 au 0.9. Hewa ikizidi, volti hushuka hadi 0.1. Kati ya hapo hakuna mteremko wa taratibu. Volti huruka ghafla, kama swichi, ikipita kwenye 0.45, palepale kwenye lambda 1.

Kwa hiyo sensa hii ni betri ndogo inayojizalishia umeme wake. Nguvu yake yote haifiki volti moja, na mkondo wake ni mdogo mno. Taa ya breki itawaka hata kama soketi yake ina kutu kidogo, kwa kuwa nyuma yake kuna volti 12 za kusukuma. Sensa haina msuli huo. Unyevu na unga wa kijani katikati ya tamino humwaga umeme wake kwenye bodi ya gari kabla haujafika, na volti 0.8 iliyotoka kwenye ekzosi inaingia kwenye kompyuta ikiwa 0.2. Kompyuta inasoma 0.2, inaelewa kwamba hewa imezidi, na inafanya kazi yake kwa uaminifu: inaongeza petroli. Mchanganyiko unazidi kuwa mzito, sensa inazidi kupiga kelele kwamba petroli imezidi, na kelele haifiki. Hivyo ndivyo gari la mjomba lilivyokuwa linakunywa huku likiwa na sensa mpya.

Kuna jambo jingine linalowapoteza mafundi wazuri kabisa. Sensa haionji petroli. Inaonja oksijeni tu. Plagi moja isipochoma, ile petroli ya silinda hiyo inatoka mbichi na harufu yake inajaa gereji, lakini hewa yake nayo imetoka bila kutumika. Sensa inaiona hewa hiyo na kuripoti kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta inaongeza petroli juu ya petroli. Hali kadhalika gasketi ya ekzosi ikipasuka kabla ya kufika kwenye sensa, kila mpigo wa moshi unavuta hewa kidogo kutoka nje kupitia ufa huo, na matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana mimi hukagua plagi, waya zake na gasketi ya manifodi kabla ya kugusa sensa. Hilo si hiari, na ningependa kila mwenye gari la zamani alisisitize gerejini hata kama fundi ana haraka.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa pili aliyetaka kukata waya. Sipendi kumcheka, kwa sababu maneno yake yana historia. Petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi kwa muda mrefu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuiacha, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondoka kwenye pampu. Risasi hiyo hujibandika juu ya platini ya sensa na ya masega, ikaziba kabisa. Gari lililoshuka Mombasa au Dar es Salaam miaka ya 1990 likiwa na sensa nzuri lilikuwa linaiua kwa tangi chache tu za mafuta ya hapa. Fundi wa wakati ule aliyekata waya na kurekebisha mchanganyiko kwa mkono alikuwa anamsaidia mteja. Mafuta yamebadilika na desturi imebaki. Leo sensa inaweza kuishi umri wake wote huku kwetu; zile za kwanza zenye hita zilikadiriwa kudumu kilomita 100,000 hivi, na zile za waya mmoja kati ya 50,000 na 80,000.

Vinavyoiua siku hizi ni vingine. Injini inayochoma oili huifunika kwa majivu. Gasketi ya silinda hedi ikivuja, kemikali za maji ya rejeta huingia kwenye moshi na kuipaka utando mweupe. Gundi ya silikoni, ile tunayoipenda kupaka kwenye kila gasketi, hutoa mvuke unaofika kwenye ncha na kuacha mchanga laini. Kama lazima uitumie, chagua ile iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa. Na sensa hufa pia kwa uzee tu: haikatiki siku moja, inakuwa mzito wa kujibu. Inaruka bado kutoka 0.1 hadi 0.9, ila kwa kuchelewa, na kompyuta inaendesha injini kwa habari za jana.

Kupima si kazi ngumu. Unahitaji mita ya dijitali, si ile ya mshale ya bei rahisi, kwa kuwa ya mshale inakula umeme wa sensa yenyewe. Pasha gari moto hadi lifike joto lake la kazi. Kwenye sensa ya Bosch yenye waya tatu, nyeupe mbili ni za hita na nyeusi ndiyo inayoleta habari; ikiwa na ya nne ya kijivu, hiyo ni athi. Denso wana desturi yao: nyeusi mbili ni za hita, bluu inaleta habari, nyeupe ni athi. Angalia vizuri, maana nyeusi ya huyu si nyeusi ya yule, na watu wameunganisha volti 12 za hita kwenye waya wa habari kwa kufananisha rangi.

Acha soketi ikiwa imechomekwa, gusa waya wa habari kwa nyuma ya tamino, waya wa pili wa mita uweke kwenye athi safi, na mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,000 hivi. Namba zinatakiwa kucheza juu na chini, zikivuka 0.45 angalau mara kadhaa kwa sekunde kumi. Zikicheza, sensa na kompyuta vinazungumza. Zikiganda palepale kwenye 0.45, waya umekatika mahali fulani, kwa kuwa volti hiyo kompyuta inaitoa yenyewe ikisubiri jibu. Kwenye Mercedes za mfumo wa petroli wa Bosch uitwao KE-Jetronic, kama hii, kuna pia soketi ya kupimia chini ya boneti, na mita yenye kipimo cha asilimia ikiganda kwenye 50 inakuambia habari ileile. Zikiganda chini, karibu na 0.1 au 0.2, chomoa soketi upime upande wa sensa peke yake. Hapo ndipo tulipomkamata mwizi wa mjomba: ikiwa imechomekwa ilisoma 0.15, nilipoichomoa mita ikapanda mara moja hadi 0.85. Sensa ilikuwa inasema kweli na soketi ilikuwa inaimeza.

Hita nayo ipimwe ikiwa baridi, kati ya zile waya mbili nyeupe. Omu chache ni nzuri, umeme usipopita kabisa hita imekatika. Usipime omu kwenye waya wa habari, mita inasukuma umeme wake ndani ya kauri na inaweza kuidhuru.

Kama kipimo kimekuambia kweli ibadilishwe, kazi kubwa ni kuitoa ile ya zamani. Meno yake ni milimita 18 kwa 1.5 na kichwa chake kinataka spana namba 22. Chuma kimeoka humo miaka thelathini. Paka mafuta ya kulainisha kutu jana yake, kisha siku ya kazi washa injini dakika chache tu, ekzosi ipate uvuguvugu wa kuachia lakini isikuunguze. Kama ya zamani inatupwa, kata waya zake ili uweze kuvisha spana ya duara, kwa kuwa ile ya mdomo wazi inavua kona za kichwa. Ikigoma, irudishe kidogo kwa ndani, kisha nje, taratibu. Nimeona fundi akilazimisha kwa bomba refu hadi sensa ikatoka na meno yote ya ekzosi, na siku ikaishia kwa mchomeleaji.

Mpya usiiangushe. Kauri haionyeshi ufa kwa nje. Meno yake hupakwa dawa maalumu ya kuzuia kung'ang'ania, nyingi huja zikiwa zimeshapakwa kiwandani. Kama unapaka mwenyewe, paka menoni tu, ncha isiguswe hata kwa kidole chenye grisi. Ukaze kati ya 40 na 50 kwa kipimo cha nyutonimita. Asiye na toki renchi akaze ikae imara bila kuikalia.

Kisha soketi, na hapa ndipo nataka tusikimbie.

Sensa iliyotengenezwa kwa gari lako hasa inakuja na soketi yake, unachomeka tu. Ila kwa magari haya bei yake ni kubwa, hivyo wengi hununua ile ya jumla yenye waya tupu na kukata soketi ya zamani kuunganisha. Inafaa, mradi soketi hiyo ni nzima na viungo vimefanywa kwa adabu. Na adabu ya kwanza ni hii: usilehemu kwa risasi. Fundi wa redio atashangaa, maana kwake kiungo cha risasi ndicho bora. Kumbuka kidole cha kauri kina hewa safi ndani yake, na bila hewa hiyo hakuna tofauti ya oksijeni, hakuna umeme. Kwenye sensa nyingi hewa hiyo haiingii kwa tundu lolote unaloliona. Inapita ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi na ganda lake, kutoka kwenye soketi hadi kwenye kauri. Risasi iliyoyeyuka inapanda kwenye nyuzi na kuziba njia. Sensa inakosa pumzi na volti yake inaanza kushuka bila sababu unayoweza kuiona. Kwa hiyo banisha kwa koleo na vifungo vya kubana, kisha vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Kata waya kwa urefu tofauti ili viungo visikae bega kwa bega, na vyote viwe mbali na ekzosi, kwenye upande wa ndani au juu kabisa ya sakafu. Tepu nyeusi ya kawaida huyeyuka huko chini ndani ya wiki.

Kwa sababu hiyohiyo ya pumzi usijaze grisi kwenye soketi, hata kama kwenye taa na betri hiyo ndiyo kinga yetu ya pwani. Kinga ya soketi hii ni kukaa pakavu. Sisi tulikata tamino zote za upande wa gari, nyuma hadi tulipokuta shaba inayong'aa, maana unga wa kijani husafiri chini ya ganda la waya na ukikata karibu unaunganisha kutu na kutu. Ilitubidi kurudi nyuma karibu sentimita sita. Waya wa habari kwenye upande huo una wavu wa shaba unaouzunguka kuukinga na kelele za umeme wa plagi. Wavu huo usiguse waya wa katikati hata kwa uzi mmoja. Tukabana tamino mpya, tukabadilisha mpira wa sakafu, tukaanika kapeti juani siku mbili kabla ya kulirudisha.

Fundi wa kwanza, katika kuhangaika, alikuwa pia amezungusha ile skrubu ya kurekebisha mchanganyiko kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, kwa hiyo ilibidi tuirudishe kidogo kidogo huku tukitazama mita, hadi volti ikawa inacheza sawasawa pande mbili za 0.45. Bila kurekebisha hapo, kompyuta ingetumia uwezo wake wote kupambana na skrubu, na uwezo huo una mwisho.

Baada ya wiki mbili nilifungua plagi. Zilikuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, masizi hayapo.

Sensa ya zamani, ile iliyohukumiwa kifo, mjomba alikuwa ameiweka butini ndani ya gazeti. Tuliibana kwenye jiriwa, tukaunganisha mita, nikaipuliza ncha yake kwa tochi ya gesi. Ilipoanza kuwa nyekundu mita ilisoma 0.8. Nikaondoa moto, ikashuka chini ya 0.2 ndani ya sekunde mbili. Ilikuwa nzima. Mjomba aliitazama kwa muda, akaifunga tena kwenye gazeti lake, akaandika kwa kalamu juu yake: "Akiba. Isitupwe."